Hitilafu za muunganisho wa kigeuzi sauti cha USB

Hitilafu za muunganisho wa kigeuzi sauti cha USB ni matatizo yanayotokea kati ya kompyuta na kifaa cha nje kinachobadilisha namba za sauti ya kidijiti kuwa umeme wa analogi wa kuendesha hedifoni, spika au amplifaya. Kifaa hicho hujulikana zaidi kwa kifupisho cha DAC. Kama kina pia njia ya kupokea maikrofoni au gitaa na kuigeuza sauti yake kuwa namba, huitwa kadi ya sauti ya nje, na mafundi wa studio wengi husema tu "saundi kadi".

Dalili ni chache: kifaa hakionekani, kinaonekana lakini kiko kimya, sauti inakatika, au kuna mvumo nyuma ya muziki. Sababu zake ni nyingi kuliko dalili, na hapo ndipo watu hupotea. Mtu husakinisha upya mfumo mzima wa kompyuta wakati kosa lilikuwa waya wa kuchajia simu, au hununua waya wa bei kubwa kuondoa mvumo unaotoka kwenye soketi ya ukutani. Kwa anayerekodi hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa kipande cha sauti kilichopotea njiani wakati wa kurekodi hakirudi tena.

Jinsi sauti inavyosafiri

Toleo la kwanza la USB lilitoka mwaka 1996, na mwendo wake wa juu ulikuwa megabiti 12 kwa sekunde. USB 2.0, ya mwaka 2000, ilipandisha mwendo huo hadi megabiti 480. Kanuni za vifaa vya sauti ziliandikwa kando: daraja la kwanza la sauti mwaka 1998, daraja la pili mwaka 2006. Vigeuzi vingi vilivyoko madukani hufuata mojawapo ya madaraja hayo mawili, na tofauti kati yao hueleza matatizo mengi yanayotajwa hapa chini.

Katika USB, kompyuta ndiyo msimamizi. Kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Kwenye mwendo wa megabiti 12 kompyuta hugawa muda katika vipande vya milisekunde moja moja. Kwenye mwendo wa megabiti 480 kila milisekunde hugawanywa tena mara nane, kila kipande kikiwa na mikrosekunde 125. Sauti hutengewa nafasi yake ndani ya kila kipande. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, idadi isiyogawanyika sawasawa kwa elfu, kwa hiyo kwenye mwendo wa chini pakiti tisa hubeba sampuli 44 kila moja na ya kumi hubeba 45.

Jambo la kukumbuka ni kwamba pakiti za sauti hazitumwi mara ya pili. Faili likinakiliwa kwenye flashi na pakiti moja ikaharibika njiani, kompyuta huituma tena mpaka ifike salama, na mtumiaji hajui kilichotokea. Sauti haiwezi kusubiri hivyo, kwa kuwa sampuli inayochelewa haina kazi tena. Pakiti ya sauti hubeba namba ya ukaguzi inayokiwezesha kifaa kugundua kwamba imeharibika, lakini kinachofanyika baada ya hapo ni kuitupa tu au kuziba pengo. Sikio husikia mlio mfupi wa "tik", au ukimya wa kufumba na kufumbua.

Kutokana na hilo, waya mbovu wa USB husababisha mikwaruzo, kukatika au kifaa kupotea kabisa. Hauwezi kupunguza besi, kufanya sauti ya mwimbaji iwe nyembamba au kuondoa "uhai" wa muziki, kwa maana namba ama zimefika zilivyo ama hazikufika. Madai ya wauzaji kwamba waya fulani hulainisha sauti yanapaswa kusikilizwa kwa tahadhari. Waya unaweza kupitisha makelele ya umeme, na hilo ni jambo lingine linaloelezwa chini, lakini namba zenyewe hazibadiliki rangi.

Kifaa kisichoonekana

Hatua ya kwanza ni kujua kama kompyuta imetambua kwamba kitu kimechomekwa. Katika Windows hili huonekana kwenye dirisha la Device Manager, katika macOS kwenye taarifa za mfumo chini ya USB, na katika Linux kwa amri ya lsusb. Orodha hiyo itazamwe kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomeka. Kama haikubadilika hata kidogo, tatizo ni la waya, tundu au umeme, na hakuna draiva wala mpangilio wa programu utakaolitatua.

Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyaya nne ndani yake: mbili za umeme wa volti 5 na mbili za data. Waya nyingi zinazouzwa pamoja na taa, feni na chaja za bei rahisi zina nyaya za umeme peke yake. Kigeuzi kikiunganishwa kwa waya wa namna hiyo taa yake huwaka vizuri, jambo linalomfanya mtu aamini kwamba muunganisho ni mzima. Njia ya haraka ya kupima ni kutumia waya huohuo kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Ukishindwa hapo, uwekwe kando.

Urefu nao una kikomo. Waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi takriban mita 5, na kuunganisha waya wa nyongeza kwenye waya mwingine ni kuongeza maungio yanayolegea. Umeme pia hupungua njiani. Kompyuta hutoa miliampia 100 mwanzoni na hadi 500 baada ya kifaa kuomba, au 900 kwenye tundu la USB 3.0. Waya mwembamba wa kipimo cha 28 AWG wenye urefu wa mita 2, ukibeba miliampia 500, hupoteza karibu volti 0.4 kwenda na kurudi. Kifaa chenye amplifaya ya hedifoni ndani yake kinaweza kufanya kazi kwa sauti ndogo na kuzimika pindi sauti inapopandishwa. Anayeona dalili hiyo ajaribu kwanza tundu lililo kwenye mwili wa kompyuta yenyewe badala ya habu, kwa waya mfupi na mnene.

Wakati mwingine kompyuta huona kwamba kitu kimechomekwa lakini haipati jibu. Kifaa hujitangaza kwa kuvuta mojawapo ya nyaya za data kwa rezista ya kilo-ohmu 1.5, kompyuta hukiweka upya, hukiuliza kijieleze, kisha hukipa namba ya anwani kati ya 1 na 127. Mazungumzo hayo yakivunjika, Windows huonyesha kosa namba 43 au ujumbe kwamba maelezo ya kifaa hayakusomeka, na Linux huandika kwenye kumbukumbu zake kosa -71 au -110. Makosa haya humaanisha kwamba umeme unafika lakini data haieleweki, na sababu yake ya kawaida ni waya, tundu lenye vumbi au kutu, au umeme usiotosha. Hapa kufuta na kusakinisha draiva hakusaidii sana. Kinachosaidia mara nyingi ni kuchomoa kila kitu, pamoja na umeme wa kigeuzi kama kina chake, kusubiri nusu dakika na kuanza upya.

Kinaonekana lakini kiko kimya

Kifaa kikiwa kwenye orodha, swali linalofuata ni kama mfumo umekitambua kuwa kifaa cha sauti. Kwa daraja la kwanza jibu karibu kila mara ni ndiyo, kwa sababu Windows, macOS na Linux zina draiva yake kwa miaka mingi. Vijenzi kama PCM2704 ya Texas Instruments au CM108 ya C-Media, vinavyopatikana ndani ya vigeuzi vidogo vya bei nafuu, huchomekwa na kufanya kazi hapohapo.

Daraja la pili lilichelewa kufika kote. macOS na Linux zilianza kulipokea mwaka 2010. Windows haikuwa na draiva yake ya ndani mpaka toleo la 1703 la Windows 10, mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta yenye Windows 7 au 8, na bado zipo nyingi katika ofisi na shule, itakiona kigeuzi cha daraja la pili kama kifaa kisichojulikana mpaka draiva ya mtengenezaji isakinishwe. Draiva hiyo ichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Programu zinazojitangaza kwamba hutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja mara nyingi huja na matangazo au virusi. Baadhi ya vigeuzi vina swichi ya kurudi daraja la kwanza, na kwa kompyuta ya zamani hiyo ndiyo njia fupi kabisa.

Kwa nini mtu asibaki daraja la kwanza siku zote? Ni suala la nafasi. Kwenye mwendo wa megabiti 12, pakiti moja ya sauti haiwezi kuzidi baiti 1,023 kwa milisekunde. Sauti ya njia mbili, biti 24, kwa 96 kHz huhitaji baiti 576 na inaingia bila shida. Kwa 192 kHz huhitaji baiti 1,152, nayo haiingii. Ndiyo maana kifaa kilichoandikwa "192 kHz" kwenye boksi hukataa kupita 96 kHz kinapokuwa katika daraja la kwanza au kinapopitia habu ya zamani ya USB 1.1. Anayesikiliza muziki wa kawaida hapotezi kitu kwa kubaki hapo.

Kama draiva ipo na bado hakuna sauti, mara nyingi sauti inatoka mahali pengine. Televisheni au skrini iliyounganishwa kwa HDMI hujiweka yenyewe kuwa njia kuu ya sauti, na kigeuzi hubaki kimya hadi kichaguliwe kwa mkono. Windows ina tabia nyingine inayochosha: kifaa kisicho na namba yake ya pekee kikihamishiwa tundu lingine huhesabiwa kuwa kipya, na jina lake huongezewa "2-" mbele. Programu ya kurekodi iliyozoea jina la kwanza huendelea kulitafuta bila mafanikio. Dawa ni kukirudisha kwenye tundu lake la awali, na wenye studio wengi hubandika kipande cha karatasi hapo kama alama.

Programu moja pia inaweza kukishika kifaa peke yake na kuzifungia nje nyingine zote. Hili hufanywa makusudi na programu za kurekodi, kwa hiyo kivinjari kikikosa sauti, kwanza ifungwe programu iliyofunguliwa nyuma yake. Katika Linux, programu ya alsamixer huonyesha herufi MM chini ya njia iliyozimwa; kubonyeza M huifungua. Katika macOS vitufe vya sauti vya kibodi huenda visifanye kazi kwa kigeuzi kisicho na kidhibiti cha sauti ndani yake. Huo si ubovu.

Sauti inayokatika

Mikwaruzo na kukatika ndiyo hitilafu ngumu zaidi, kwa kuwa hutokea kwa vipindi na hukoma mara fundi anapofika. Waya ukishabadilishwa na tatizo likabaki, mtuhumiwa mkuu ni kompyuta yenyewe.

Programu ya sauti huandaa sampuli kwa mafungu na kuyaweka katika akiba ya muda mfupi. Fungu la sampuli 256 kwa 48 kHz hudumu milisekunde 5.3, la sampuli 1,024 hudumu milisekunde 21.3. Kompyuta ikishughulika na jambo lingine kwa muda mrefu kuliko huo, akiba huisha na sauti hukatika. Mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni huhitaji fungu dogo ili sauti yake isimrudie kwa kuchelewa. Anayecheza muziki tu hana haja hiyo na anaweza kuweka fungu kubwa. Kuongeza ukubwa wa fungu ni jaribio la kwanza. Mikwaruzo ikiisha, waya na kigeuzi havina kosa.

Kwenye Windows, ucheleweshaji mara nyingi hutoka kwenye draiva ya Wi-Fi, ya kadi ya picha au ya betri, hata kama kichakataji kinaonekana kimepumzika. Programu ya LatencyMon huonyesha draiva ipi inakaa muda mrefu. Kuzima Wi-Fi kwa dakika chache wakati muziki unacheza ni kipimo kisichohitaji programu yoyote.

Kubana matumizi ya umeme nako huleta shida. Kompyuta mpakato huweza kulaza tundu la USB lisilotumika, na kigeuzi kikilala huamka kwa mlio wa "tap" au hakiamki kabisa. Mpangilio huo huzimwa kwenye mipango ya umeme ya Windows, sehemu ya USB. Aidha, vifaa vinavyochomekwa kwenye habu moja hugawana njia moja. Kamera ya video ikiwekwa pamoja na kigeuzi, zote mbili zinataka nafasi ya uhakika katika kila kipande cha muda, na nafasi hiyo haiwezi kuzidi asilimia 90 kwenye mwendo wa megabiti 12 au asilimia 80 kwenye megabiti 480. Kanisa au msikiti unaorusha ibada mubashara kwa kompyuta moja hukutana na hali hii mara kwa mara. Kigeuzi kihamishiwe tundu la upande mwingine wa kompyuta.

Kuna pia suala la saa. Kompyuta na kigeuzi kila kimoja kina kristali yake ya kupima muda, na hakuna kristali mbili zinazokwenda sawa kabisa. Vigeuzi vya aina ya kufuata, kama PCM2704, hurekebisha mwendo wao kulingana na kompyuta. Vya aina inayojitegemea hutumia saa yao wenyewe na kuiambia kompyuta itume haraka kidogo au polepole kidogo. Mtu akitumia vigeuzi viwili tofauti kwa wakati mmoja, kimoja cha kurekodi na kingine cha kusikiliza, saa zake huachana polepole na "tik" hutokea kila baada ya muda fulani, hata kama kila kitu ni kizima. Dalili ya mlio unaorudi kwa kipimo karibu kilekile inaelekeza huko.

Sauti ikisikika imepanda, mwimbaji mzima akawa kama mtoto na wimbo ukaisha mapema, kasi za sampuli hazikubaliani. Kitu cha 44.1 kHz kikichezwa kwa 48 kHz huenda haraka kwa karibu asilimia 9, ambayo ni karibu nusutoni moja na nusu. Programu na kigeuzi viwekwe kwenye namba moja; katika macOS hufanywa ndani ya Audio MIDI Setup.

Mvumo na makelele

Makelele ya kudumu hayatoki kwenye namba. Hutoka kwenye umeme unaosafiri pamoja nazo, na sauti yake humwambia msikilizaji chanzo.

Mvumo mzito wa 50 Hz, au 100 Hz, ni wa umeme wa ukutani, kwani gridi ya Tanzania, Kenya na Uganda hutumia 50 Hz. Hutokea sana pale kompyuta mpakato yenye chaja ya pini tatu inapounganishwa kwa kigeuzi na amplifaya nayo ya pini tatu: njia ya ardhi huwa mzunguko, na mkondo mdogo hupita kwenye waya wa sauti. Kipimo chake ni rahisi. Chaja ichomolewe na kompyuta iachwe kwenye betri. Mvumo ukikoma, hakuna sababu ya kununua kigeuzi kingine.

Mlio mwembamba wa juu ni jambo jingine. Vipande vya mikrosekunde 125 hurudi mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo makelele ya USB ya mwendo wa juu husikika kama filimbi ya 8 kHz, na ya mwendo wa chini kama mlio wa 1 kHz. Mkwaruzo unaobadilika kadiri kipanya kinavyosogezwa hutoka ndani ya kompyuta kupitia waya wa umeme wa USB.

Kutibu mzunguko wa ardhi, vifaa vyote vichomekwe kwanza kwenye ekstensheni moja. Isipotosha, hutumika transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, waya za XLR kama kigeuzi na miksa vina matundu yake, au waya wa mwanga ambao haupitishi umeme kabisa. Vipo pia vitenganishi vya USB. Vile vya bei ndogo hutumia kijenzi cha ADuM4160 au mwenzake ADuM3160, ambavyo haviwezi kuzidi megabiti 12. Kigeuzi cha daraja la pili kitashuka hadi mwendo wa chini au kitakataa kufanya kazi, na mnunuzi atadhani ameuziwa kitu kibovu.

Njia moja haifai kutumiwa kamwe, ingawa huondoa mvumo na baadhi ya mafundi huipendekeza: kukata pini ya ardhi ya amplifaya au kuifunga kwa plastiki. Pini hiyo ndiyo inayozuia mwili wa chuma wa kifaa usiwe na umeme wa ukutani pindi kitu kinapoharibika ndani. Bila hiyo, njia ya umeme huo inaweza kuwa waya wa maikrofoni na mkono wa anayeishika.

Simu

Simu za Android zilianza kupokea vigeuzi vya USB katika mfumo wenyewe na Android 5.0 ya mwaka 2014, lakini simu lazima iwe na uwezo wa kusimamia vifaa vingine, unaojulikana kama OTG. Baadhi ya simu huhitaji uwashwe kwenye mipangilio na huuzima zenyewe baada ya dakika kadhaa. Vipande vifupi vya kugeuza USB-C kuwa tundu la hedifoni viko vya aina mbili vinavyofanana kwa macho: vyenye kigeuzi ndani, na vya waya mtupu vinavyotegemea simu itoe sauti ya analogi. Cha waya mtupu hakitafanya kazi kwenye simu isiyotoa analogi, wala kwenye kompyuta nyingi. Cha kigeuzi kikichomekwa kwenye kompyuta hujitokeza kwenye orodha ya USB, na kwa njia hiyo vinaweza kutofautishwa dukani kabla ya kulipa.